Gari yetu ilizimika siku ya kukimbia

Ndugu msomaji, labda wewe ni dereva. Labda bwana yako ni dereva, au jamaa yenu inaishi kwa faida ya grupu inayovuta maji katika karieri. Ninaomba unisikilize kidogo. Nitakuelezea habari ya kitu kimoja kidogo, kinachoshikwa kwa mkono mmoja. Kwa ajili ya kitu hicho nilipitisha masiku mbili bila kujua mama yangu mzazi yuko wapi. Kitu hicho ni filtri, yaani chujio la mazuti.

Mimi ni mkaaji wa Goma, katika kartye ya Majengo. Kazi yangu ni kuleta maharagi na viazi kutoka Masisi. Gari yangu ni Toyota Hilux ya zamani, ya mazuti, na umri wake unapita ule wa mtoto wangu wa kwanza. Gari ile imelipa masomo ya watoto, imejenga nyumba yetu ya mbao, imebeba wagonjwa na maiti za majirani. Basi niliizoea sana, na kitu ulichokizoea mara nyingi haukiangalii tena.

Dalili nilizozikataa

Mwaka 2021, tangu mwezi wa tatu, gari ilianza kuchoka. Katika barabara sawa ilitembea vizuri. Lakini kila mara nilipotoka Sake kupanda milima kuelekea Masisi, ilikosa nguvu. Ninakanyaga, haiendi. Ninapunguza, inarudia kupumua. Asubuhi ilikawia kuwaka, na wakati mwingine ilitetemeka kama mtu mwenye malaria.

Bibi yangu, anayekaa pembeni yangu siku za soko, aliniambia: «Papa, hii gari iko nachoka. Juu ya nini haupeleke kwa fundi?»

Nikamjibu: «Ni mazuti mbaya tu. Itapita.»

Filtri mpya haikupita dola 10. Nisiwadanganye, franga hazikukosa. Mwezi ule ule nilinunua redio mpya ya gari, kwa bei inayopita ile ya filtri mara tano. Redio inasikilika, na watu wanaisifu. Nani atakusifu kwa sababu ya filtri?

Usiku wa tarehe 27 Mei

Unakumbuka mambo yaliyotupata. Siku ya posho, tarehe 22 Mei 2021, magaribi, Nyiragongo ilitapika moto. Watu walikufa, nyumba nyingi ziliungua upande wa Buhene, na barabara ya Rutshuru ilikatwa. Mto wa moto ulisimama karibu na mji, lakini ardhi iliendelea kutetemeka mchana na usiku, na kuta zikapasuka. Halafu tarehe 27 Mei, kabla ya jua kutoka, wakubwa wa jimbo walitangaza kwamba kartye 10 za Goma ziondoke mara moja, juu waliogopa moto mwingine chini ya mji na chini ya ziwa. Majengo ilikuwa katika zile 10.

Tulipakia gari usiku ule ule. Tulikuwa watu kumi na mmoja, pamoja na magodoro, masufuria na mbuzi mmoja wa jirani. Rezervwari ilikuwa karibu tupu. Nilinunua bidoni moja ya lita 20 kwa kijana wa barabarani, wale tunaowaita makadafi. Sikuangalia ndani, na nani angeangalia saa ile?

Kutoka Goma mpaka Sake ni kilometa kama 25. Siku ile barabara ilijaa watu, magari, tshukudu na ng'ombe. Tulipita Katindo, tukapita Keshero, tukitembea polepole kama wanaokwenda kuzika. Mbele kidogo ya Mugunga, kwenye kipando kidogo, gari ilikohoa mara mbili, ikazimika. Nilijaribu tena, ikawaka kidogo na kufa. Redio mpya peke yake ndiyo iliendelea kuimba.

Mama yangu alikuwa amepita miaka 70, na magoti yake yalivimba. Kutembea hakuweza. Tulikaa kando ya barabara saa nzima, na ardhi ikatetemeka tena. Ndipo motari mmoja wa kartye yetu alipotuona, akasema: «Muzee, leta koko na mtoto. Nitawaacha kwenye njia panda ya Sake, mutawakuta pale.» Nikampandisha mama pamoja na binti yangu wa miaka sita. Mama hakusema kitu. Aliniangalia tu, halafu akaangalia gari.

Saa chache nyuma, dereva mmoja wa kamio, mzee mwenye mvi, alisimama kutusaidia. Hakuuliza mengi. Alifungua boneti, akaweka chupa iliyokatwa chini ya filtri, akalegeza visi ya chini. Kilichotoka kwanza kilikuwa maji, halafu tope jeusi, halafu mazuti kidogo kidogo. Alinionyesha ile chupa: maji yalikaa chini, mazuti yakaelea juu, na katikati palikuwa na uchafu kama majani ya chai.

«Umebadilisha filtri lini?» akauliza.

Nilinyamaza.

«Haiko kosa la filtri,» akasema. «Hii filtri ilikulindaka mpaka ikafa.»

Alipiga pompu ya mkono mara nyingi, gari ikawaka kwa shida, nasi tukafika Sake jioni. Lakini kwenye njia panda mama hakuwako, wala mtoto. Watu walikuwa wengi kama mchanga. Simu ya mama ilikuwa imezimika. Tuliuliza katika masomo, katika makanisa, chini ya mabaraza ya maduka. Usiku ule mvua ilinyesha, na bibi yangu hakufunga macho. Hakunilaumu hata kwa neno moja, na kule kunyamaza kwake kuliniuma kupita matusi.

Tuliwapata siku ya pili yake, jioni, kule Minova. Watu walikuwa wamewasukuma, mwishowe mwenye kamio mmoja akawahurumia, akawapandisha. Mama alikuwa na homa, na mtoto alikuwa ameshika kitambaa chake kwa mikono yote miwili. Ndugu msomaji, siku ile nilielewa bei ya kweli ya filtri.

Filtri inafanya kazi gani?

Tuliporudi Goma katika mwezi wa sita, baada ya serikali kuruhusu, nilimtafuta yule mzee wa kamio kusudi anifundishe. Hivi ndivyo alivyonieleza.

Mazuti tunayotumia huku Kivu yanatoka mbali, kwenye bandari za bahari ya Hindi kama Mombasa na Dar es Salaam. Yanapita katika kamio, katika matanki, katika pipa, mwishowe katika bidoni na chupa. Kila mahali yanapokea kitu: vumbi, kutu, mchanga. Yanapokea na maji vilevile. Rezervwari ikikaa nusu tupu usiku wa baridi, unyevu wa hewa iliyo ndani unageuka matone kwenye ukuta wa chuma, sawa umande. Maji ni mazito kuliko mazuti, basi yanashuka chini kabisa, na bomba linavuta mazuti karibu na chini. Ndiyo maana gari yenye rezervwari tupu inakunywa uchafu mwingi zaidi.

Ndani ya filtri kuna karatasi iliyokunjwa-kunjwa mara nyingi. Inashika vumbi ambalo jicho halioni. Kwa mazuti, sehemu ya chini ya filtri inashika maji pia. Kusudi lake ni kulinda pompu ya kusukuma mazuti na injekteri. Vyuma vyao vinakaribiana sana, na katika motere kama yangu mazuti yenyewe ndiyo yanalainisha pompu. Maji hayalainishi, yanaleta kutu. Pompu ikiharibika, utalipa bei ya filtri makumi kadhaa.

Karatasi ikijaa, mazuti hayapiti kwa wingi. Gari ikitembea polepole bila mzigo, kidogo kile kinatosha. Ikipanda mlima na mzigo, inataka mengi, haipati. Ndiyo sababu ya ule uchovu. Gari yangu ilikuwa inaniambia kwa miezi miwili.

Namna ninavyoibadilisha nyumbani

Sasa ninafanya mimi mwenyewe, katika lupango letu. Ninakuandikia namna ya motere ya zamani ya mazuti, kama yangu, yenye filtri ya kuzungusha. Gari yako ikiwa ya namna nyingine, angalia kitabu chake au uliza fundi kwanza.

1. Ninangoja motere ipoe. Gari inakaa mahali sawa, breki ya mkono imefungwa. Ninatoa waya wa toa, yaani ule wa kutoa moto, kwenye batri.

2. Ninapangusa vumbi lote kuzunguka filtri kwa kitambaa. Usisahau hili. Vumbi la Goma ni la jiwe la volkano, na ukifungua bila kupangusa, utaingiza ndani kile unachotaka kutoa.

3. Ninaweka beseni la zamani chini, ninalegeza visi ya chini, ninaacha maji na mazuti yatoke.

4. Ninatoa waya mdogo wa chini, unaowasha taa ya maji kwenye dashibodi. Halafu ninazungusha filtri kuelekea kushoto. Ikikataa, ninaifunga na kipande cha mpira wa tairi la kinga, ninavuta. Mpira unashika vizuri.

5. Ninaangalia kama mpira wa duara wa zamani haukubakia juu. Mipira miwili ikipandana, mazuti yatavuja au hewa itaingia.

6. Kile kifaa cha maji kilicho chini ninakihamisha kwenye filtri mpya, na mpira wake mpya. Mpira mkubwa wa juu ninaupaka mazuti safi kwa kidole.

7. Ninazungusha filtri mpya kwa mkono mpaka mpira uguse, halafu ninaongeza kidogo tu, chini ya mzunguko mmoja. Bila kle. Wengi wanakaza kwa nguvu wakifikiri ni vizuri, kumbe wanakata mpira. Karatasi ya filtri ndiyo inasema ukaze kiasi gani.

8. Mafundi wengine wanajaza filtri mpya mazuti ya bidoni kabla ya kuiweka. Mzee wangu alinikataza: mazuti yale hayajachujwa, na ukiyamwaga kwenye tundu la katikati yanakwenda moja kwa moja kwenye pompu. Ninaiweka tupu, halafu ninapiga pompu ya mkono iliyo juu. Mwanzo ni laini, inapiga hewa tu. Ninaendelea mpaka inakuwa ngumu. Hapo mazuti yamefika.

9. Ninarudisha waya zote, ninawasha. Ikizimika, ninapiga pompu tena. Ikikaa vizuri, ninaacha iwake dakika kumi na kuangalia chini kwa taa: hakuna tone? Kazi imeisha.

Inachukua karibu saa moja. Kitabu cha gari ndicho kinasema ubadilishe nyuma ya kilometa ngapi. Mimi, juu ya barabara zetu na mazuti ya bidoni, ninabadilisha kila kilometa 10.000, na kila mwezi ninafungua visi ya chini kutoa maji. Tena sikubali rezervwari ilale tupu. Ninaponunua bidoni, ninaiacha itulie kwanza, ninamimina kupitia kitambaa safi, na lita ya mwisho ya chini siimimini katika gari.

Wenye gari za esansi muwe waangalifu zaidi. Kwa zile za zamani zenye kabirateri, filtri ni kichupa kidogo cha plastiki chenye mshale: mshale lazima uangalie upande esansi inapokwenda, yaani upande wa motere. Lakini katika gari za injeksheni, esansi inakaa na nguvu kubwa ndani ya bomba hata motere ikizimwa. Ukifungua tu, itakurukia machoni. Kama hukufundishwa kuondoa nguvu ile kwanza, mwachie fundi. Hiyo haiko haya.

Mama yangu alivyonikemea

Mara ya kwanza nilipofanya kazi hii peke yangu, nilijiona mtu mkubwa. Mazuti machafu niliyoyatoa nikayatia katika chupa ya Fanta, nikaiweka kwenye baraza, nikaenda kunawa. Rangi yake ilikuwa karibu sawa na ya sukari iliyoungua. Binti yangu, yule yule wa Minova, alitoka kucheza na kiu. Alikuwa ameishaifikisha chupa mdomoni wakati koko yake, aliyekuwa anachagua maharagi, alipomshika mkono.

Mama aliniita. Hakupaza sauti. «Mwanangu, mara ya kwanza filtri yako ilitupoteza njiani. Sasa unataka itupoteze nyumbani?»

Wazazi, tusikie neno hilo. Usiweke hata siku moja mazuti, esansi au petroli ya taa katika chupa ya kinywaji. Na kama mtoto amekunywa, usimlazimishe kutapika, wala usimpe maziwa au mafuta kusudi atapike, kwa sababu yakipanda tena yanaweza kuingia katika mapafu, na hapo ndipo kifo kilipo. Msukutue mdomo, mvue nguo zilizolowa, mkimbize kituo cha afya pamoja na ile chupa, hata kama anaonekana mzima. Hatari ile ile inamngoja kijana anayevuta esansi kwa mdomo na mpira.

Na moto vilevile. Sisi tunapika kwa makala, na mbabula iko katika kila lupango. Mvuke wa esansi hauonekani, ni mzito kuliko hewa, unatambaa chini mpaka kwenye mbabula ya jirani. Watu wa Goma hatujasahau tarehe 21 Januari 2002: siku nne nyuma ya moto wa Nyiragongo, kituo cha esansi kilipasuka watu wakiwa wanachota, na makumi kadhaa walikufa. Kule Sange, katika Kivu ya Kusini, tarehe 2 Julai 2010, kamio ya esansi ilianguka, ikawaka, ikaua watu zaidi ya 230. Basi nikitaka kugusa filtri, ninamwomba bibi yangu azime mbabula kwanza au aihamishe mbali. Hakuna sigara, hakuna taa ya moto. Ndoo ya mchanga inakaa karibu. Vitambaa vilivyolowa haviingii nyumbani.

Mazuti machafu siyamwagi chini. Jiwe letu jeusi lina matundu, linakunywa kila kitu, na maji tunayokunywa mjini yanatoka ziwani. Ninayaweka katika bidoni iliyoandikwa kwa rangi, ninaipeleka garajini.

Neno la mwisho

Ndugu msomaji, ninyi wa karieri mnajua kuliko mimi: grupu ikizimika wakati watu wako shimoni na maji yanapanda, si wakati wa kutafuta filtri. Filtri inabadilishwa siku ya amani, wakati kila kitu kinatembea vizuri na hakuna anayeona lazima. Siku ya kukimbia haipigi hodi.

Ile redio niliiuza. Kwa franga zake nilinunua filtri tatu, mpira wa akiba na taa ya mkono. Filtri moja inakaa siku zote chini ya kiti.

Mama yangu angali nasi, lakini magoti yake hayakurudia kuwa kama zamani tangu safari ile ya Minova. Hapandi gari tena bila kuuliza. Anasimama mlangoni na fimbo yake, ananiangalia kama alivyoniangalia pale Mugunga, anasema: «Filtri?»

Nami nikiisha kumjibu tarehe na kilometa, ndipo anaponipa mkono nimpandishe.